Mdogo wangu alifunga turubai, na mtoto yuko gerezani

*Shangazi, shikamoo.*

Nina miaka 36, naishi Uyole, Mbeya. Kazi yangu ni ushonaji. Nina cherehani mbili kibarazani, moja yangu na nyingine ya binti ninayemfundisha. Pamoja na ushonaji, huu ni mwaka wa sita najitolea kama msaidizi wa kisheria katika kikundi chetu kidogo. Tulipewa mafunzo, tuna vitambulisho, na kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, wawili au watatu kati yetu tunaingia gerezani kuwasikiliza wafungwa na mahabusu wasio na wakili. Tunawaandikia barua za kuomba nakala za hukumu, tunawatafutia ndugu zao, tunawaeleza dhamana ni kitu gani. Hatulipwi wala hatumtozi mtu. Kazi hii naipenda, Shangazi, kuliko hata cherehani inayonilisha.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa utingo wa lori la mizigo, Dar es Salaam hadi Tunduma. Baba alipofariki mimi ndiye niliyemchukua, mama akabaki Tukuyu na migomba yake. Nimemsomesha hadi kidato cha nne kwa sare za shule za watoto wa watu. Mwezi wa nne lori lao lilisimamishwa kwenye kizuizi usiku, kabla ya kufika Chimala. Askari walipofungua turubai walikuta mifuko ya saruji, na katikati ya mifuko, mahali palipoachwa kama kisima, Wahabeshi 19. Dereva alikimbilia mashambani na mpaka leo hajapatikana. Mdogo wangu hakukimbia.

Wahabeshi walifikishwa mahakamani wiki ile ile. Walisomewa shtaka la kuingia nchini bila kibali, wakakubali, wakahukumiwa faini ya shilingi 500,000 kila mmoja au mwaka mmoja jela. Hakuna aliyekuwa na hela. Mdogo wangu ana kesi yake ya kusafirisha wahamiaji, upelelezi kila tarehe haujakamilika, na dhamana imetushinda kwa sababu wadhamini wanatakiwa wawe na mali yenye hati. Yuko mahabusu katika gereza lile lile ninaloingia Alhamisi.

Mwezi wa sita, baridi ya huku unaijua, nilimpelekea sweta. Siku hiyo hiyo, katika zamu yetu ya kusikiliza watu, akaletwa kijana mmoja wa wale 19. Alikuwa na shati jepesi, anakohoa, anatetemeka mpaka benchi linatikisika. Kuna mfungwa wa kwao aliyekaa humo muda mrefu hata akajua Kiswahili, huyo ndiye aliyetafsiri. Kijana anasema ana miaka 16. Alinionyesha kwa vidole, kumi, halafu sita. Karatasi yake inasema 24. Nikamuuliza amezaliwa lini, akasema 2001, na kwenye karatasi kweli imeandikwa 2001. Hapo nikachoka. Ama ananidanganya, ama hajui hesabu. Lakini ukimtazama, Shangazi, kidevu hakina hata unyoya mmoja, na mikono ni ya mtoto wa shule.

Nikamuuliza kama mahakamani alielewa alichoulizwa. Akasema mkalimani alizungumza Kiamhari, na yeye Kiamhari chake ni cha kuokoteza, nyumbani kwao wanazungumza Kihadiya. Wenzake walipotikisa kichwa naye akatikisa. Akaniandikia namba ya simu kwenye kipande cha karatasi, inaanza na 251, akasema ni ya mama yake. Niliificha kwenye kopo la vifungo. Sijapiga.

Halafu akasema jambo lililonimaliza nguvu. Alisema njiani, kabla hawajapanda mlima, lori liliposimama palipokuwa panauzwa vitunguu vingi, kijana mmoja wa kwenye lori alifungua kona ya turubai akawarushia chupa mbili za maji. Akasema akimwona atamtambua. Hajui kwamba huyo ni mdogo wangu. Hajui kwamba ameketi mbele ya dada yake.

Mdogo wangu aliniambia mwenyewe, chini chini: "Dada, nilisikia wanakohoa tangu Mikumi. Dereva akasema funga turubai vizuri. Nikafunga."

Nilipowaeleza nyumbani, mambo yakawaka. Baba mdogo anasema mimi nina bahati ya kuingia mle, basi nimwambie kijana, kupitia yule mkalimani, aseme hakumwona mtu yeyote, tutamnunulia blanketi na dawa. Anasema nikiandika barua kwamba yule ni mtoto, serikali itasema mdogo wangu alisafirisha mtoto, kesi itakuwa nyingine kabisa. Mama alilia, akasema, "Mtoto wa mtu ana mama yake. Wewe una mdogo wako. Damu nzito kuliko maji." Akasema nikithubutu nisikanyage Tukuyu. Wengine wanasema mwaka mmoja si mrefu, kijana atamaliza atarudishwa kwao, kelele za nini.

Mara ya mwisho nilipomwona mdogo wangu aliniuliza, "Yule dogo bado anakohoa?" Nikabadilisha mazungumzo.

Mratibu wa kikundi chetu sijamwambia chochote. Kila nikikaa kwenye cherehani naona wawili hao. Nikinyamaza, namwacha mtoto alale na wanaume wazima. Nikisema, namtia kitanzi niliyemlea. Nishauri, Shangazi.

*Dada mtu, Uyole*

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti. Tumebadilisha mambo kadhaa ndani yake ili usitambulike, na yale ya kisheria nimemwonyesha wakili ninayemwamini, kwa kuwa mimi si mwanasheria.

Nieleze kwanza nilivyokuelewa. Kuna mtoto, au mtu anayeelekea kuwa mtoto, anatumikia kifungo cha mtu mzima kwa kosa alilolikubali bila kulielewa. Kuna mdogo wako anayesubiri kesi nzito. Wewe ndiye pekee unayezijua pande zote mbili, na familia imekwambia kwamba mmoja akitoka mwingine anazama. Hiyo mizani ya familia ndiyo inayokunyima usingizi. Naomba tuitazame pamoja kama kweli ni mizani, maana mimi sina hakika.

Tuanze na huo mwaka 2001. Mtoto hakukudanganya na hesabu anaijua. Wahabeshi wana kalenda yao. Mwaka wao una miezi 13, unaanza mwezi wetu wa tisa, na uko nyuma ya wetu kwa miaka 7 au 8 kutegemea uko mwezi gani. Mwaka wao wa 2000 waliukaribisha Septemba 2007, kwa sherehe kubwa. Kwa hiyo 2001 ya kwao ilianza Septemba 2008 na kwisha Septemba 2009. Yule karani aliandika alichosikia, na mtoto alisema anachokijua. Vidole vyake na karatasi yake vinasema kitu kimoja katika kalenda mbili.

Hilo halithibitishi umri wake. Ila linaonyesha kwamba kosa linaweza kuelezwa kwa mstari mmoja, bila kumshtaki karani, askari wala hakimu. Wewe umelibeba kama siri ya kulipua watu. Huenda ni sahihisho la tarehe.

Sheria unaijua kuliko mimi, lakini wasomaji wengine hawaijui, niiseme. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Anaposhikiliwa asichanganywe na watu wazima. Mahakama ikiona dalili kwamba aliye mbele yake ni mtoto, inatakiwa iuchunguze umri wake kabla ya kuendelea. Sijaona mahali sheria hiyo iliposema mtoto wa Kitanzania peke yake. Na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, hiyo hiyo inayokupa wewe kitambulisho, inamtaka ofisa anayekutana na mtoto aliyekinzana na sheria ahakikishe anapata msaada huo.

Muda wa kawaida wa kukata rufaa umempita. Kusudio la rufaa hutolewa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Lakini mtu anaweza kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi, na Mahakama Kuu, ambayo mnayo hapo hapo Mbeya, ina uwezo wa kuliita jalada la mahakama ya chini na kulifanyia mapitio. Mtu aliyetikisa kichwa kwa sababu wenzake wametikisa, kwa lugha asiyoielewa, amekiri nini? Wakili niliyezungumza naye alisema hilo peke yake ni hoja, hata kabla ya kufika kwenye umri.

Sasa hofu yenu. Sitaki kukudanganya kwamba haina msingi. Kosa la kusafirisha wahamiaji katika Sheria ya Uhamiaji lina adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 20, na hiyo ipo mezani kwa mdogo wako tayari, mtoto awepo asiwepo. Ipo sheria nyingine, ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, ya mwaka 2008. Hiyo inamhesabu mtoto kwa uzito wa pekee, wala ridhaa yake haisaidii utetezi. Ili iguse kesi, upande wa mashtaka unahitaji kuonyesha kwamba watu walikuwa wanapelekwa kunyonywa, na kuvushwa mpaka peke yake hakutoshi. Je, mwendesha mashtaka anaweza kubadilisha hati ya mashtaka kabla ya hukumu? Anaweza. Je, atafanya hivyo kwa sababu umri wa mmoja kati ya watu 19 umesahihishwa? Hakuna anayeweza kukuapia, si mimi wala baba yako mdogo, ambaye anazungumza kana kwamba ameshaisoma hukumu.

Ila nakuuliza, kinachomweka mdogo wako hatarini ni umri wa kijana huyo? Alikamatwa kwenye lori, usiku, na watu 19 ndani. Mashahidi wapo 18 wengine, wapo na askari waliofungua turubai. Hata ukiificha ile karatasi kwenye kopo la vifungo miaka kumi, hayo yanabaki palepale. Na yule kijana unayemwogopa kama shahidi, kitu cha kwanza alichokikumbuka kuhusu mdogo wako ni maji. Sijui mahakama italipokeaje hilo. Linaweza kuonyesha kwamba alijua watu wamo, na hiyo ni mbaya kwake. Linaweza pia kuwa ndilo jambo jema pekee litakalosemwa juu yake siku ya kupimwa adhabu. Wewe umelisikia kama kitanzi tu.

Ushauri wa baba mdogo naomba tuuweke kando kabisa, na hapa sitakuzungusha. Kumfundisha shahidi aseme uongo kwa blanketi na dawa ni kosa la jinai, litakufikia wewe, litamfikia mdogo wako, na kikundi chenu hakitaingia tena gerezani. Mpelekee dawa kwa njia ya zahanati ya gereza kwa sababu anakohoa, basi.

Njia ya kunyamaza wengi wanaiona ndogo, mwaka tu. Wewe uliye ndani unajua kwamba mwaka wa mgeni hauishii siku ya mwisho wa kifungo. Akimaliza anasubiri kurudishwa, na kurudishwa kunataka hati ya safari, nauli na mtu wa kufuatilia. Wapo wanaobaki ndani baada ya kifungo kwa kukosa hayo tu. Mtoto aliyeandikwa 24 atasubiri kama mtu wa 24. Halafu Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa serikali ya mtaa au halmashauri. Siku moja mtu anaweza kukuuliza ulijua tangu lini.

Kuandika wewe mwenyewe nako kuna shimo lake. Wewe ni dada wa mshtakiwa. Ukijitokeza kumtetea mtoto, upande wa mashtaka unaweza kusema umempanga. Familia ya mtoto, ikipatikana, inaweza kusema vivyo hivyo. Hata jambo la kweli likitoka mkononi mwako litaonekana lina doa. Na kila unapokaa na yule kijana bila yeye kujua wewe ni nani, unazidi kuingia mahali ambapo hata nia njema haitakutoa. Hili nakwambia kwa upendo, kwa kuwa naona jinsi unavyoiheshimu kazi hiyo.

Kwa hiyo najiuliza kama swali la "nimsaidie au nisimsaidie" limekuficha swali jingine, la nani amsaidie. Mratibu wako hujamwambia. Unaogopa nini hasa kwake? Kwamba atakuondoa kwenye kesi? Pengine hicho ndicho kingekupumzisha. Kuna maneno mawili tu ya kumwambia: nina undugu na mshtakiwa katika jambo hili, na kuna kijana anayehitaji msaidizi mwingine. Hata alichokuambia mdogo wako huna haja ya kukigusa. Mwenzako akilichukua, anaweza kumwandikia Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, akamjulisha mkuu wa gereza, akatafuta wakili wa kujitolea kupitia Chama cha Wanasheria Tanganyika, maana wasaidizi wa kisheria hamruhusiwi kusimama mahakamani. Namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, haina malipo na hupokea taarifa kutoka kwa mtu yeyote. Watahitaji mkalimani wa Kihadiya safari hii. Umri utapimwa hospitali kwa meno na mifupa, vipimo ambavyo vinaweza kukosea kwa miaka miwili hivi, kwa hiyo cheti cha ubatizo au cha shule kutoka kwao kitakuwa na uzito.

Njia hiyo nayo ina gharama, na utailipa wewe. Uyole si mbali na Tukuyu. Mama atajua. Atakapojua, atafunga mlango, labda kwa mwezi, labda kwa muda mrefu kuliko huo. Nisingependa ulichague hilo ukidhani litapita kama mvua ya Rungwe. Inawezekana pia mwenzako akaandika na jibu lisije, kijana akamaliza mwaka wake palepale, na wewe ukawa umempoteza mama kwa barua iliyokaa kwenye trei. Hayo uyapime wewe, kwa sababu mimi nitabaki hapa na kalamu yangu na wewe utabaki na familia yako.

Kuna mtu mmoja ambaye barua yako imempa mistari miwili tu. Umeniambia mama anasema nini, baba mdogo anasema nini, wengine wanasema nini. Mdogo wako je? Alikuuliza, "Yule dogo bado anakohoa?" na wewe ukageuza maneno. Mwanangu, mtu aliye mahabusu ana maswali mengi ya kuuliza, dhamana, chakula, tarehe ya kesi. Yeye aliuliza hilo. Mnamlinda kwa nguvu zote dhidi ya mtoto ambaye yeye mwenyewe anamwulizia hali. Umeshamwuliza angetaka nini?

Nafikiri najua kwa nini kukohoa kule hakumtoki. Juni 2012, mkoani Dodoma, miili zaidi ya 40 ya Waethiopia ilikutwa imetupwa, watu waliokosa hewa ndani ya lori. Machi 2020, huko Tete, Msumbiji, walikutwa 64 wamekufa ndani ya kontena. Ni njia hiyo hiyo ya kwenda Afrika Kusini, watu wamefichwa ndani ya malori ya mizigo. Madereva na matingo wa barabara hii wanazijua habari hizo. Aliyesikia kikohozi tangu Mikumi alisikia kwamba bado wako hai, akafunga turubai, na kabla ya mlima wa Kitonga akalifungua kona. Vyote viwili ni vyake. Mtu anaweza kuvibeba vyote viwili kwa muda mrefu sana kabla ya kupata pa kuviweka.

Pa kuviweka ni kwa wakili wake. Si kwako tena, na si kwangu; alichokuambia usikirudie kwa mtu mwingine. Yeye pia ana haki ya msaada wa kisheria. Sheria ile ya 2017 inamruhusu hakimu, akiona mshtakiwa hana uwezo na haki inadai, aagize apatiwe msaada. Mdogo wako anaweza kuliomba hilo mwenyewe siku ya kutajwa kesi, kwa kunyoosha mkono. Tangu 2019 sheria zetu zinaruhusu pia makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka. Kijana asiye na rekodi, aliyebaki dereva alipokimbia, anayeweza kusema lori lilipakiwa wapi na nani alilipwa, ana kitu cha kuzungumza mezani. Dereva na madalali wako wapi? Wanakula. Walio ndani ni utingo na mtoto. Kukiri kuna hatari kubwa na hakurudishwi nyuma kirahisi, ndiyo maana wakili kwanza. Lakini angalia jinsi mlango wa msaada ule ule unavyowafungukia wote wawili, kila mmoja na mtu wake, bila wewe kusimama katikati.

Limebaki la kijana mwenyewe. Wote mnasema "atarudi kwao" kana kwamba ndilo analolitaka. Huenda ndilo. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji limewasaidia Waethiopia wengi walioko Tanzania kurudi kwa hiari. Lakini familia nyingi kule huuza ng'ombe au kukopa ili mtoto mmoja afike Afrika Kusini, na anayerudi mikono mitupu anarudi kwenye deni. Wapo pia wanaokimbia jambo baya zaidi ya umaskini. Anayeogopa kuteswa akirudi ana njia yake chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998, na huyo hutakiwi kuanza kwa kuujulisha ubalozi wa nchi yake kabla hajaulizwa. Mwulizeni kwanza, kwa lugha yake, mahali ambapo wenzake hawasikii. Yule mfungwa anayewatafsiria anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini anaishi naye humo ndani, na hatujui anadaiwa na nani.

Kwa sababu hiyo hiyo, ile namba kwenye kopo la vifungo. Umekwishaiita namba ya mama yake. Inaweza kuwa yake. Inaweza pia kuwa ya dalali, maana wasafiri hawa hufundishwa namba moja ya kuitaja popote watakapokwama, na anayepokea huanza kwa kudai hela. Usiipige kwa simu yako, usiku, peke yako, kwa uchungu wa kutaka kusikia mama wa mtu akilia kama wako alivyolia. Ustawi wa Jamii wana njia ya kuitafuta familia na kuhakikisha ni familia kweli. Karatasi hiyo iwafikie wao, kwa mkono wako au wa mratibu, na uandike kwenye daftari la kikundi tarehe uliyoitoa.

Mpaka Alhamisi ijayo una siku chache. Kama utaingia, usiketi naye peke yako. Kama hutaingia, mpe mwenzako sweta ya pili ampelekee, wewe fundi hukosi uzi. Na mdogo wako akikuuliza tena kama yule dogo bado anakohoa, mjibu.

Niandikie utakapoweza, hata kama ni kuniambia tu kwamba hujaamua.

*Shangazi*